Maji ya Uti wa Mgongo na Usahaulifu wa Wazee

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema Mtume wake, leo tunazungumzia jambo linaloleta khofu majumbani mwetu. Mzee ameanza kusahau, na akili yake inashuka ngazi kwa ngazi, pengine tangu alipopatwa na kiharusi. Daktari ataka kumtoa maji ya uti wa mgongo. Jamaa wakataa, wakisema atapooza.

Khofu hiyo twaifahamu, lakini tuipime kwa elimu. Kipimo hiki kilianzishwa na daktari Mjerumani, Heinrich Quincke, mwaka 1891. Sindano huingizwa kiunoni, chini ya pale unapokoma uti wenyewe. Mtu mzima ana takriban mililita 150 za maji hayo. Huchukuliwa machache tu, na mwili hutengeneza takriban nusu lita kila siku. Dhara linalojulikana zaidi ni maumivu ya kichwa ya siku chache.

Je, maji hayo husema nini? Katika ugonjwa wa Alzheimer, protini ya amiloidi hupungua ndani yake na ile ya tau huzidi. Usahaulifu utokanao na mishipa ya damu hauna alama iliyo yake peke yake. Albumini ikizidi, huonyesha kuwa kizuizi kinacholinda ubongo kinavuja. Neurofilamenti zikizidi, nyuzi za neva zimeumia. Lakini maradhi mengine nayo huacha dalili hizo, na mzee mmoja aweza kuwa na magonjwa yote mawili. Basi maji ni shahidi mmoja. Daktari humsikiliza pamoja na picha ya ubongo na maelezo ya jamaa, na wazee wengi hutambuliwa ugonjwa wao bila ya sindano.

Nyinyi akina mama mnaomlea mzee ndio wenye maelezo hayo. Mwelezeni daktari alianza lini kusahau, na kama hali ilibadilika kwa ghafla au polepole. Mtajieni dawa zote anazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda. Presha na sukari zidhibitiwe na sigara iachwe, kwani kiharusi kingine chaweza kumpunguzia akili iliyobaki.

Na tusimwite mzee mchawi, wala tusimkemee kwa swali alilolirudia mara kumi. Qur'ani imetukataza kuwaguna wazazi wafikapo uzeeni, na haikuwatoa waliosahau majina yetu.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wazee wetu, na atupe subira ya kuwalea. Amin.