"Bila kianzio" sawa, ila uliza kianzio kimeenda wapi

Wiki hii watu watatu wamenitumia tangazo lilelile, wote wanauza mtandaoni kama mimi: "Miliki kiwanja bila kianzio, bila riba, lipa kila mwezi." Swali lao moja, nichukue? Mimi nasema kwa mtu anayeishi kwa mauzo, asilimia kubwa jibu ni hapana, na nitaeleza kwa hesabu.

Kwanza najua kwa nini linavutia. Ukienda benki kuomba mkopo wa nyumba wanataka uweke fungu lako, mara nyingi kuanzia asilimia 10 au 20 ya bei, halafu waone hati na mapato yanayoeleweka. Sisi hela inapita kwenye simu, leo laki mbili, kesho elfu kumi. Ndiyo maana nyumba zetu nyingi zinaanza na kiwanja, halafu tofali mdogo mdogo. Sasa mtu akikwambia hata kwenye kiwanja kianzio hakuna, lazima usimame usome.

Ila kianzio hakijafutwa, kimehamishwa tu. Tuseme kiwanja taslimu ni milioni 6. Bila kianzio unalipa 375,000 kwa miezi 24. Zidisha: milioni 9. Hiyo milioni 3 ya juu ni nini, kama siyo riba? Ukiipiga kama mkopo wa kawaida ambao deni linapungua kila ukilipa, inakuja kama asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mwezi jamani, siyo kwa mwaka. Wao wanaiita "bei ya awamu", na jina waite watakavyo. Wewe uliza bei ya taslimu leo ni shilingi ngapi. Muuzaji anayekwepa swali hilo, mwache.

Halafu kumbuka 375,000 inatoka kwenye faida, haitoki kwenye mauzo. Kama unauza viatu na pea moja inakuachia elfu 10, hizo ni pea 38 kila mwezi kabla hujala, hujalipa kodi, hujanunua bando. Desemba utazipata. Januari wateja wako wote wako kwenye ada za watoto, utazitoa wapi? Utazitoa kwenye mtaji. Na mtaji ukianza kuliwa, huo mzigo unaofuata utaufuata Kariakoo na nini?

Kuna dada mmoja tunachukua naye mzigo sehemu moja. Alilipa miezi 14 bila kukosa. Kontena alilochangia na wenzake likachelewa, akapitisha miezi miwili. Mkataba ulisema ukipitisha miezi miwili umeuvunja mwenyewe, unakatwa asilimia 30 ya ulicholipa, na kinachobaki unarudishiwa kiwanja kikishauzwa kwa mtu mwingine. Alikuwa ameshalipa 5,250,000. Yaani kwa milioni 6 angekuwa anakaribia kumaliza kwa bei ya taslimu, sasa hana kiwanja, hana hela, anasubiri simu. Na kila kitu kilikuwa kwenye karatasi aliyosaini. Hapo ndipo panaponiuma, kwa sababu matangazo hayaoneshi ukurasa huo.

Kwa hiyo kabla ya bei, soma kipengele cha kuchelewa na cha kurudishiwa. Omba mkataba ukasome nyumbani, siyo mezani kwao huku mtu anakuangalia. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi, meseji za "tumepokea, asante" usizitegemee. Chukua namba ya kiwanja na kitalu, nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi uone nani ndiye mmiliki na kama kuna mkopo umekaa juu yake. Mwenyekiti wa mtaa msikilize kuhusu migogoro na mipaka, anajua mengi, lakini muhuri wake siyo hati. Ukiambiwa "upimaji unaendelea", basi bado unauziwa shamba.

Mwenye mshahara unaoingia tarehe inayojulikana, huyo sibishani naye sana. Akisoma mkataba vizuri na bei isipishane mno na ya taslimu, inaweza kumfaa.

Sisi wengine mimi naona hivi. Hiyo 375,000 anza kujilipa mwenyewe kwa miezi 6, kwenye akaunti ambayo haijaunganishwa na simu ya biashara. Ukishindwa mwezi wa tatu, umegundua bila kukatwa asilimia 30 na mtu. Ukiweza, una 2,250,000 mkononi, na hapo unaenda kwa muuzaji kama mtu mwenye kianzio, unaomba bei ya taslimu na muda mfupi wa kumalizia. Na msiniambie hatuwezi kukusanya hela ya pamoja. Wangapi hapa wanalipa kodi ya chumba na fremu miezi sita mbele? Tunakusanya kila mara, tatizo tunamkusanyia mwenye nyumba.

Mwenye mkataba wa namna hii mezani sasa hivi, piga picha ukurasa wa malipo na wa kuvunja mkataba, ficha majina na namba za simu, weka hapa chini tupige hesabu pamoja kabla hujasaini.