Gharama za Maziko Kisiwani Pemba

Wako watu wenye kuihubiri bima ya maziko katika Pemba kana kwamba maiti wa kisiwa hiki hulala nje kwa kukosa fedha. Hoja yao ni kuwa mtu alipe kidogo kidogo kila mwezi, ili siku ya kufa kwake wanawe wasihangaike. Maneno haya yana maana Marekani, ambako mwaka 2023 maziko ya kawaida yalikadiriwa dola 8,300, na ardhi ya kaburi haimo katika hesabu hiyo. Yana maana pia kwa Mpemba aliye ugenini London. Walakini Wete na Micheweni si London.

Sanda ya Pemba ni bafta, nguo tatu kwa mwanamume na tano kwa mwanamke. Karafuu maiti, pamba, udi na marashi havimshindi mtu. Jeneza ni la msikiti, hutoka na kurudi. Kaburi huchimbwa na vijana wa mtaa wasiodai ujira, na aghalabu aliyekufa alfajiri huwa amekwisha zikwa kabla ya alasiri. I wapi hapo gharama ya kukatiwa bima?

Gharama i jikoni. Huanza watu warudipo kaburini: mchele, ng'ombe, sukari, kuni, kisha hitima ya siku ya tatu, kisha ya arobaini. Wageni hula, wakasifu au wakalaumu, wakaenda zao. Mfiwa hubaki na deni, akaikodisha mikarafuu yake kabla ya msimu kwa bei ya mwenye shida. Majirani huleta ubani, ni kweli, lakini ubani nao huingia chunguni.

Sheria ya Kiislamu imeipanga mali ya marehemu: kwanza maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, kisha warithi. Pilau haimo. Wanachuoni wa madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na wengi kisiwani, wamekuwa wakali zaidi pale warithi wakiwamo watoto wadogo, kwani chakula hicho ni mali ya yatima. Alipouawa Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muta, mwaka 629, Mtume aliamuru watu wa nyumba yake wapikiwe chakula, kwa kuwa msiba umewashughulisha. Pemba aliyefiwa ndiye apikaye.

Bima haitaiondoa ada hii, itailipia. Ikijulikana kuwa marehemu aliacha bima, nani atakubali kurudi nyumbani bila ya nyama? Wala haitoshi kusema kuwa bima yenyewe ni ya takafuli isiyo na riba. Uhalali wa mfuko haumhalalishii mtu israfu, na fedha za mkulima wa Konde zina kazi nyingine: skuli, paa, miche ya mikarafuu.

Watetezi wa karamu hudai kuwa mfiwa asiyepika huvunjiwa heshima. Si uongo, na hilo ndilo neno gumu. Basi na aanze tajiri. Maskini akiacha kupika huitwa bahili. Tajiri akiacha, husemwa ameshika sheria. Mwenye duka wa Chake Chake akimzika babake, na watu wakatawanyikia kaburini, jirani yake mvuvi atapata pa kupita.