Mwizi akikamatwa, aandikwe

Filimbi ikilia usiku katika mitaa ya Goma, iwe Majengo, Katoyi au Ndosho, watu hutoka na fimbo. Sufuria zinagongwa, majirani wanaitana, na kijana atakayeshikwa karibu na ukuta wa mtu huenda asiione asubuhi. Kwanza mawe, kisha tairi na petroli. Hakuna anayemuuliza jina lake, wala ni nani aliyemtuma, wala bunduki waliyokuja nayo wenzake imefichwa wapi. Tunajua uchungu wa mama aliyeuliwa mume mlangoni kwa sababu ya simu. Lakini kumchoma mtu ni kuua, na anayechomwa anakwenda na habari zote ambazo zingesaidia kulivunja kundi lake.

Wanaochoma wana hoja, na lazima ijibiwe. Wanasema: tukimpeleka kwa polisi, kesho tunakutana naye barabarani. Ni kweli, hilo limetokea mara nyingi mno. Serikali ya Kongo ilipotangaza hali ya dharura ya kijeshi Kivu Kaskazini na Ituri, Mei 2021, kesi za jinai za raia zilipelekwa kwenye mahakama za kijeshi. Mahakimu wakawa wachache, faili zikarundikana, na gereza la Munzenze la hapa Goma, lililojengwa kwa watu mia chache, likajaa maelfu, wengi wao wakiwa hawajahukumiwa. Tarehe 27 Januari 2025, waasi wa M23 walipokuwa wakiingia mjini, zaidi ya wafungwa 4,000 walitoroka humo. Muuaji aliyehukumiwa na kijana aliyekuwa akingoja kesi ya kuku walitoka siku moja. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema wanawake wasiopungua 165 walibakwa gerezani humo, na wengi wao wakafa kwa moto uliozuka. Wanawake hao walikuwa chini ya ulinzi wa dola. Hatutaacha kuwataja.

Siku zile zile bunduki zilitupwa barabarani na askari waliokuwa wakikimbia, na si zote zilizookotwa na watu wema.

Jibu la kila utawala limekuwa msako. Mwaka 2024 meya aliyekuwepo alianzisha operesheni ya Safisha Muji wa Goma, baada ya mauaji ya usiku kuzidi. Machi mwaka huo huo Kinshasa iliondoa zuio la kutekeleza hukumu ya kifo, ikitaja usaliti jeshini na ujambazi wa mijini unaoua watu. Mei 2025, chini ya muungano wa waasi wa AFC/M23, mitaa ilizingirwa na wanaume wakakusanywa kwa mamia. Msako hukamata aliyekuwepo pale, na jambazi mzoefu huwa amekwisha kuondoka. Anayebaki kupakiwa garini ni mwanafunzi asiye na kitambulisho, motari aliyechelewa kurudi, mkimbizi aliyetoka kambi za Mugunga.

Cesare Beccaria, mwanasheria wa Milano, aliandika mwaka 1764 kwamba kinachomzuia mhalifu ni uhakika wa kuadhibiwa, kuliko ukali wa adhabu. Tafiti nyingi za uhalifu tangu hapo zimemuunga mkono. Jambazi wa Goma anafanya hesabu hiyo hiyo: akijua kwamba katika wizi kumi atashikwa labda mara moja, na hata hiyo mara moja dola chache zitamtoa, tishio la kunyongwa halimhusu.

Kwa hiyo tunadai jambo dogo linaloweza kufanyika sasa. Kila anayekamatwa aandikwe: jina, saa, mahali, kosa, aliyemkamata, kasho (mahabusu) alikopelekwa. Familia yake ionyeshwe daftari hilo. Aliyeibiwa apewe namba ya faili, na arudi kuuliza imefika wapi. Wanaotawala mji, kwa nguvu waliyoichukua wenyewe, wana wajibu huu leo. Serikali ikirudi itakuwa nao vile vile. Mzee wa nyumba kumi na chefu wa avenyu wanaweza kumfikisha mshukiwa akiwa hai, mbele ya mashahidi. Wasigeuzwe masikio ya kupeleka majina ya watu wenye maoni tofauti, kwa sababu siku jirani atakapomwogopa mzee wa nyumba kumi, hatampasha tena habari za mwizi.

Taa nazo ni ulinzi. Huko New York, jaribio lililofanywa mwaka 2016 katika makazi ya umma lilionyesha kwamba mwanga ulioongezwa ulipunguza uhalifu mzito wa nje wakati wa usiku kwa karibu theluthi moja. Umeme wa kituo cha Matebe unafika Goma. Vichochoro vya Majengo bado ni giza.

Tunabaki na vijana wenyewe, maibobo, watoto wa mitaani wa Birere, na wale wanaolala sokoni, ambao makundi yenye silaha huwaajiri kwa sahani ya chakula. Monrovia, mji uliotoka vitani kama wetu, ulijaribu njia nyingine. Wanaume 999 waliokuwa wakiishi kwa wizi na vurugu waligawanywa. Baadhi walipewa wiki nane za mazungumzo ya kujifunza kuzuia hasira na kufikiria kesho, wengine dola 200 za kuanzia biashara, wengine vyote viwili, wengine hawakupewa chochote. Waliopata vyote viwili walipunguza uhalifu kwa karibu nusu, na miaka kumi baadaye tofauti ilikuwa bado inaonekana. Pesa peke yake haikudumu. Wengi wa walioongoza mazungumzo walikuwa wanaume waliowahi kupita maisha yale yale.

Watu wa namna hiyo wako Goma. Makanisa yetu yana kumbi zilizo tupu siku za kazi. Kazi hii inaweza kuanzia Birere mwezi ujao, bila kungoja mkataba wowote wa amani kusainiwa.