Firigisi na Chumvi

Katika Kiswahili cha Kongo, ni vigumu kutaja mchezo wa redio bila kumtaja Odilon Kyembe Kaswili, ambaye watu wa Lubumbashi walimwita kwa jina la mhusika wake: Mufwankolo. Kundi lake lilisikika redioni kwa miaka mingi, kisha likaonekana kwenye televisheni. Mwaka 1981 Walter Schicho na Mbayabo Ndala walichapisha michezo yake huko Vienna, jinsi ilivyotamkwa. Kuiandika baadaye ndiyo ilikuwa njia pekee, maana kabla ya kurekodi hapakuwa na karatasi. Waigizaji walikubaliana kisa, wakagawana nafasi, wakafanya mazoezi. Maneno yakaja mbele ya mikro, Kiswahili na Kifaransa vikipishana kama sokoni. Mtu anayesoma karatasi husikika kuwa anasoma, hata akilia.

Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwauliza waigizaji hao maana ya msemo aliokutana nao mezani, penye firigisi ya kuku: le pouvoir se mange entier, mamlaka huliwa yakiwa mazima. Firigisi huwekewa mkubwa, wala haikatwi vipande. Badala ya kumfafanulia, walitunga mchezo mzima, wa kijiji na chifu wake. Rais Mobutu alikuwa ameshapita miaka 20 madarakani. Msikilizaji hakuhitaji kutajiwa jina.

Mchezo kama huo unabadili nini? Tanzania ilipima. Mchezo wa Twende na Wakati, ulioanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993, ulikuwa na Mkwaju, dereva wa lori mpenda wanawake, ambaye hatimaye UKIMWI ulimkamata. Dodoma haikurushiwa mchezo huo kwa miaka 2 ya kwanza, ili ilinganishwe na mikoa mingine. Kule uliposikika, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka kuliko Dodoma. Watunzi walimwacha Mkwaju acheke na kupendwa kwa muda mrefu kabla ya kumwangusha, na hapo ndipo penye siri.

Mashariki mwa Kongo jibu lilikuwa chungu zaidi. Mchezo wa Kumbuka Kesho ulirushwa ili kupunguza chuki kati ya makundi, na katika baadhi ya maeneo ulifuatiwa na kipindi cha kuwahimiza wasikilizaji wajadiliane. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alitoa matokeo mwaka 2010. Waliohojiwa walipewa chumvi, kisha wakaombwa wamegee kundi wasilolipenda. Waliosikia mchezo pamoja na kipindi cha mjadala walizungumza zaidi, lakini walikuwa wagumu zaidi kumega kuliko waliosikia mchezo peke yake. Mjadala uliwapa nafasi ya kuhesabu machungu yao upya. Mtunzi mzoefu angelitambua hilo mapema: mchezo hufanya kazi mtu akiwa kimya, akiosha vyombo, akimsikiliza adui akihangaika na mtoto mgonjwa.

Huko huko mashariki mwa Kongo, watu wa miji ya Beni na Butembo walipata somo lao wenyewe. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018. Hadi ilipomalizika, Juni 2020, ilikuwa imeua watu 2,287. Mwezi Septemba 2018 watu wazima 961 wa miji hiyo miwili walihojiwa: zaidi ya robo walisema ugonjwa si wa kweli, na chini ya theluthi waliamini kuwa viongozi wao wa hapo wanawatetea. Mbele ya watu hao, tangazo la kuamuru (nawa mikono, piga simu, usiguse maiti) huingia sikio moja likatokea la pili, hata likiwa na ukweli mtupu. Mtu asiyemwamini anayesema hachunguzi kinachosemwa.

Mtunzi angeanza kwa yule anayekataa. Mama muuza ndizi wa Butembo, tuseme, mwenye hoja nzito: mauaji ya Beni yaliyoanza mwaka 2014 hayakuleta magari mengi hivi, kwa nini homa iyalete? Nyumbani husema Kinande, sokoni Kiswahili, na akifika mlangoni mtu wa riposti, yaani timu ya kupambana na Ebola, hubadili sauti na kujibu kwa Kifaransa kifupi, oui, oui. Msikilizaji anajua papo hapo kwamba anadanganya, bila mtu kumwambia. Ndani, nyuma ya pazia, mtoto anakohoa.