Wasomi wa papa wateremke ufuoni

Katika magazeti yetu ya Kiswahili, mtu akitaka kumtaja fisadi aliyeshiba jasho la wanyonge humwita papa. Nami nimewahi kulitumia neno hilo kwa maana hiyo, wala sikujiuliza kama samaki mwenyewe alistahili kashfa hiyo.

Yuko mwanamke aliyejiuliza mapema. Marehemu Eugenie Clark, Mmarekani ambaye mamake alikuwa Mjapani, alipata shahada ya udaktari mwaka wa 1950, na mnamo 1955 akaanzisha maabara ya viumbe wa baharini huko Florida. Hapo aliwafunza papa kugonga kibao kwa pua ili wapewe chakula, akathibitisha kwamba kiumbe huyo aweza kujifunza na kukumbuka. Linalonivutia zaidi ni kwamba hakuyafungia maarifa hayo katika majarida ya wataalamu. Aliandika vitabu ambavyo mtu wa kawaida aliweza kuvisoma, na hata baada ya filamu ya Jaws kuwajaza watu hofu mwaka wa 1975, aliendelea kupiga mbizi na kuwaeleza walimwengu kwamba samaki huyo anasingiziwa mengi. Alifariki mwaka wa 2015 akiwa na umri wa miaka 92.

Waliomfuata hawakukuta mlango u wazi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2022 kuhusu vipindi vya televisheni vya Wiki ya Papa nchini Marekani ulionyesha kuwa wataalamu walioalikwa walikuwa wanaume weupe kwa wingi kupindukia, na kwamba vitisho vilipewa nafasi kuliko uhifadhi. Miaka miwili kabla ya hapo, wanawake wanne weusi, miongoni mwao Jasmin Graham, walikuwa wameunda chama chao, MISS, ili wenzao waliotengwa wapate kuingia katika fani hiyo na kwenda baharini bila kulipishwa.

Haya si mambo ya anasa. Mwaka wa 2021 wanasayansi walitangaza kuwa papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu 1970, sababu ikiwa uvuvi uliokithiri. Papa si dagaa; kuna aina zinazochukua zaidi ya miaka kumi kabla ya kuzaa, na hata hapo huzaa watoto wachache.

Na sisi je? Pwani yetu, papa mkavu ni kitoweo. Mkataba wa CITES uliwaorodhesha baadhi ya papa wenye kichwa cha nyundo mwaka wa 2013, lakini hudhibiti biashara ya kimataifa tu, hauingii jikoni. Aingiaye jikoni ni mama karanga, anunuaye samaki ufuoni, akawakaanga na kuwauza. Papa jike akipasuliwa na watoto tumboni, yeye huwaona. Ni msomi gani aliyeketi naye?

Najua watakaosema kwamba njaa haisikilizi mhadhara. Ni kweli, nami simuungi mkono yeyote amwambiaye mvuvi aweke nyavu chini pasipo kumwonyesha atakula nini. Lakini Mombasa tunayo taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, na wanawake waliosomea fani hiyo wapo. Ningependa kuwaona ufuoni mashua zinaporudi, wakizungumza Kiswahili, na kabla ya kusema lolote wamuulize mama karanga ameona nini.