Hakuna Aliyezoea Baridi

Lipo neno moja ambalo ningependa tuliache kabisa katika mazungumzo yetu ya hapa Usa River, nalo ni neno "wamezoea". Nalisikia kila mwaka ifikapo Juni na Julai, wakati ukungu wa Meru unaposhuka hadi barabara kuu ya Arusha na Moshi, nasi tunajitanda mashuka na makoti. Alfajiri hiyo vijana wetu wabeba mizigo wa mlimani hupita kwenda kutafuta kazi, huyu na raba zilizotoboka, yule na koti la mtumba lisilofunga zipu. Mtu akiuliza kama hawataumia huko juu, jibu huwa tayari mdomoni: "Aa, hao wamezoea!"

Neno hilo nililipokea pia kwa upande wa pili. Niliporudi kutoka Ujerumani, nilikofanya kazi ya nje kwa majira manne ya baridi, majirani walikuja kunipa pole. Wazungu wamezoea theluji, walisema, lakini wewe mtoto wa hapa uliwezaje? Basi nikawa shujaa kwa baridi ya ugenini. Wakati huo huo kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, aliyetoka kulala kambi ya Barafu, mita zaidi ya 4,600 juu ya usawa wa bahari, hakupewa hata hiyo pole.

Ndugu msomaji, nasema neno hili ni uongo kwa pande zote mbili.

Mjini München kazi yangu ilikuwa bustani, na theluji ikianguka, kuizoa. Nilitoka nyumbani saa tisa na nusu usiku, kwa kuwa njia za waendao kwa miguu zilitakiwa ziwe safi kabla ya saa moja asubuhi. Nilisimama kituoni kusubiri basi huku pumzi yangu ikiganda kwenye skafu, na siku nyingine kipimajoto kilisoma nyuzi 12 chini ya sifuri. Wenzangu kazini walizaliwa humo humo kwenye theluji, wao na baba zao na babu zao. Kama kuna watu waliopaswa kuizoea baridi, ni hao. Lakini sijapata kuona watu wanaoiogopa baridi kama wao! Hakuna aliyeshika koleo bila glavu. Walivaa sufu ndani, koti lisilopitisha maji nje, na viatu vya soli nene. Kila baada ya muda tuliingia ndani kunywa chai, na hakuna aliyeitwa mvivu.

Wala vifaa hivyo hawakuvinunua wenyewe. Kanuni ya Jumuiya ya Ulaya ya mwaka 1989 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila malipo. Zaidi ya hapo, katika kazi za ujenzi na za bustani, hali ya hewa ikizuia kazi kati ya Desemba na Machi, mfanyakazi haachishwi. Hulipwa asilimia 60 ya mshahara halisi anaoupoteza, au 67 akiwa na mtoto. Utaratibu huu ulivyo sasa ulianza mwaka 2006, lakini mzizi wake ni wa mwaka 1959. Wala haukutokana na huruma ya Wazungu. Vyama vya wafanyakazi viliudai. Kwa hiyo watu wale hawajazoea baridi, wamekingwa nayo.

Mwili wa binadamu ni mmoja, uwe wa München au wa Usa River. Hutaka joto la nyuzi 37 hivi. Likishuka chini ya 35 mambo huharibika: ulimi huwa mzito, akili huchanganyikiwa, na asipopata msaada moyo husimama. Mtu aliyelowa hupoteza joto haraka zaidi. Sasa mtazame mpagazi wetu. Mvua ya msituni humlowesha mchana, na jioni huifikia baridi kali akiwa na fulana ile ile ya pamba. Mgongoni amebeba mfuko wa kulalia wa mgeni, mzito kwa manyoya, naye mwenyewe hana. Wapo waliokufa kwa namna hiyo, na mauti hayaulizi kama marehemu alizoea.

Wapagazi hawa tumewapachika jina, "wagumu". Ni jina la sifa, na wao wenyewe hulitumia kwa fahari. Lakini sifa isiyo na blanketi ni njia ya kumdhulumu mtu huku akicheka. Mgumu si jiwe.

Wapo watakaosema gharama zitapanda na wageni watakimbilia kwingine. Wakimbilie wapi? Mlima wa mita 5,895, mrefu kupita yote ya Afrika, uko kwetu peke yetu, na mgeni hulipa zaidi ya dola 1,000 kuupanda. Jozi ya viatu haitamfukuza. Wengine watasema vijana wenyewe wamekubali. Wamekubali, ndiyo, kama mwenye njaa anavyokubali makombo. Adhabu ya kaburi aijua maiti.

Tangu mwaka 2003 lipo shirika mjini Moshi, Kilimanjaro Porters Assistance Project, linalowaazima wapagazi mavazi bila malipo. Nalishukuru. Hata hivyo yatupasa tuone aibu kwamba mfanyakazi aazimwe na wafadhili kitu alichopaswa kupewa na anayemtuma. Mwaka huo huo wa 2003 Bunge letu lilitunga Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Mlima nao ni mahali pa kazi.

Ninachotaka si kikubwa. Getini upo mzani, na mzigo ukizidi kilo 20 hupunguzwa. Mzani huo umeokoa migongo mingi. Basi hapo hapo penye mzani pakaguliwe, kwa ukali ule ule, viatu, koti na mfuko wa kulalia wa kila mbeba mizigo. Asiyekuwa navyo asipandishwe, na hasara iwe ya aliyemleta, si yake. Iwe hivyo Machame na Marangu, na iwe hivyo Momella kwenye Meru yetu.

Nasi tulio chini tuanze na kazi iliyo rahisi kuliko zote. Kijana anaporudi kutoka mlimani na midomo iliyopasuka na vidole visivyokunjika, tumwambie pole, kisha tumuulize: uliyembebea mizigo, alikupa nini cha kujifunika?