Boga nalo liwekwe kwenye wavu

TULE TULIMACHO
Na Paskali Sulle

Ukipita mashamba ya Sigino, hapa Babati, siku hizi za baridi utayaona. Mahindi yameshavunwa, mbaazi bado zimesimama, na chini yake, katikati ya majani yaliyonyauka, maboga yamelala wazi kama mawe. Hakuna anayeyakimbilia. Mahindi yana magunia yake, mbaazi zina wanunuzi wake. Boga huokotwa mwisho, likachemshwa asubuhi, watoto wakanywea chai. Akija mgeni, linafichwa.

Tunalidhulumu, na dhuluma yenyewe inaanzia kwenye sufuria. Sehemu kubwa ya boga ni maji. Ukilichemsha unaongeza maji juu ya maji, utamu unabaki kwenye mchuzi unaomwagwa, na unachopakua ni rojorojo. Ukilichoma, maji yanatoka, sukari inakolea, kingo zinashika rangi ya kahawia, na harufu inafika kwa jirani. Bibi yangu alilifukia zima kwenye majivu ya moto jioni, tukalipasua asubuhi likiwa bado linatoa mvuke.

Chagua lililokomaa: kikonyo kimekauka, ukucha haupenyi ganda. Wahenga walisema mumunye huharibikia ukubwani. Boga, kinyume chake, huko ukubwani ndiko utamu uliko. Likikaa ndani wiki kadhaa baada ya kuchumwa, wanga wake hugeuka sukari.

Lipasue kwa panga, toa mbegu (usizitupe, zianike uzikaange na chumvi), kisha ukate vipande vya unene wa vidole viwili, ganda likiwamo. Twanga punje nne za kitunguu saumu cha Mbulu pamoja na chumvi, changanya na samli iliyoyeyuka, upake. Makaa yawe yametulia, yasiwe na miali. Geuza pale tu upande wa chini unaposhika alama za wavu. Asali ije mwisho, kijiko kimoja, dakika mbili kabla ya kuepua. Ikitangulia inaungua na kuwa chungu. Kamulia ndimu, nyunyiza pilipili. Asiye na wavu atumie sufuria kavu na kupalia makaa juu ya kifuniko, kama anavyofanya kwa wali.

Samli hapo ina kazi. Ile rangi ya manjano ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A haifyonzwi vizuri bila mafuta, na boga la kuchemsha tunalila bila tone.

Mahindi na maboga yote asili yake ni Amerika, na wenyeji wa huko waliyapanda shamba moja na maharage: mhindi unasimama, maharage yanaukwea, boga linatambaa na kufunika udongo usikauke. Sisi Babati tumeweka mbaazi mahali pa maharage. Mwaka 2017 India ilipobana uingizaji wa mbaazi, bei ilianguka, wakulima wetu wakabaki wanayaangalia magunia. Mnunuzi wa boga hayuko ng'ambo. Yuko hapa hapa kando ya barabara, amekaa kwenye benchi anasubiri nyama yake iive, na pembeni yake ataletewa chipsi au ndizi kwa sababu hakuna kingine.

Jumamosi iliyopita nilimwambia hivyo kijana mmoja anayechoma mbuzi.

"Mzee wangu, boga? Wateja watanicheka."

Nilikuwa na vipande vitatu kutoka nyumbani, nimevifunga kwenye jani la mgomba. Akaviweka pembeni ya mbavu vipate moto. Cha kwanza alikila amesimama, koleo mkononi. Cha pili alimkatia mteja aliyekuwa akilalamika kwamba nyama inachelewa, naye akanyamaza. Cha tatu sikuona kilikokwenda.

"Mzee, Jumamosi niletee mawili," akasema. "Na ile samli uje nayo."

Yako uvunguni mwa kitanda tangu Jumatatu, vikonyo vimekauka kabisa.